Mguu Uvimbao Baada ya Upasuaji

Mwanamke wa Musaga, kusini mwa Bujumbura, aliyepasuliwa kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi, hupewa pongezi za kupona pindi kidonda kinapofunga. Pongezi hizo ni za haki. Lakini huenda ikapita miezi, pengine hata miaka, kisha mguu mmoja ukaanza kuwa mzito na kiatu kikambana. Hapo maneno huzuka. Wapo wasemao ni matende, wapo wasemao amerogwa, na mwenyewe usiku huwaza kwamba saratani imerudi.

Ni kweli kwamba saratani ikirudi yaweza kuvimbisha mguu, na kwa hiyo hapana budi apimwe. Hata hivyo, mara nyingi chanzo ni upasuaji wenyewe. Pamoja na kizazi, daktari huondoa tezi za limfu za ndani ya nyonga, ndugu wa zile za kinenani ambazo zikivimba watu huziita mitoki. Huziondoa kwa kuwa saratani hupitia humo inapoenea. Lakini tezi hizo ndizo vituo vya majimaji yatokayo miguuni kurudi kwenye damu. Vituo vikiondolewa, majimaji hutuama; na mionzi ikiongezwa, hatari huzidi.

Katika majuma ya mwanzo majimaji hayo yaweza pia kujikusanya ndani ya nyonga. Mara nyingi hukauka yenyewe, ila yakiwa mengi hubana mrija wa mkojo au hutunga usaha.

Mguu wa namna hii ni nadra kurudi kama ulivyokuwa, lakini hutunzika. Hufungwa bandeji ya kubana kuanzia wayo kwenda juu, huinuliwa wakati wa kupumzika, hunyooshwa kwa mazoezi, huoshwa kwa sabuni na kukaushwa vema. Mchubuko mdogo shambani, kwa mwenye kulima pekupeku, hutosha kuingiza vijidudu. Mguu ukiwa mwekundu na wa moto, na homa ikapanda, dawa hutakiwa siku hiyo hiyo. Na ukivimba ghafula kwa maumivu ya shavu la mguu, huenda damu imeganda, nayo yaweza kufika mapafuni na kuua. Huo si wakati wa kungoja mganga wa mitishamba.

Je, tezi zisiondolewe? La hasha! Lakini mwaka 2019 utafiti ulioongozwa kutoka Ujerumani, kwa wanawake 647 wenye saratani ya ovari iliyokwisha kuenea, ulionyesha kuwa kuondoa tezi zilizoonekana nzima hakukurefusha maisha, bali kuliongeza madhara. Katika saratani nyingine za kizazi, hospitali zenye vifaa hutumia rangi kutambua tezi za kwanza na kuondoa hizo tu.

Vifaa hivyo ni ghali. Kumweleza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, kwa Kirundi au Kiswahili anachokielewa, hakuhitaji mtambo. Wala hauhitajiki mtambo kumpima miguu yote miwili kwa utepe wa fundi cherehani na kuandika vipimo kwenye cheti chake, ili kila arudipo kliniki tofauti ionekane mapema.