Bakteria wa maharage ya Kigoma

Maharage yanapotoa maua kule Kasulu na Buhigwe, chimbua shina moja kwa jembe. Usiling'oe, vifundo vya mizizini hukatika na kubaki ardhini. Pasua kifundo kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi. Wekundu huo ni wa protini inayodhibiti oksijeni, kwani oksijeni ikizidi huharibu kimeng'enya kinachogeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Kijani ni kifundo kilichochoka. Kikiwa cheupe wakati wa maua, huenda mmea unawapa sukari bakteria wasiorudisha kitu.

Maharage hayachagui. Hukaribisha spishi nyingi za bakteria wa vifundo waitwao Rhizobium, hodari na wavivu. Soya nyingi huchagua, ndiyo maana watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walizalisha aina za TGx zinazokubali bakteria wa udongo wa Afrika. Kunde na njugumawe ni wazaliwa wa bara hili, shida hiyo hawana.

Asili ya maharage ni Amerika, na Rhizobium etli anaweza kusafiri akiwa amenata kwenye ganda la mbegu. Tena jeni za kuunda vifundo hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA kinachoweza kuhamia kwa bakteria mwingine. Hivyo mgeni humwachia mwenyeji ufundi wake. Bakteria wawili huweza kulingana kabisa kwa jeni za vifundo huku koo zao zikiwa mbalimbali, na mtafiti anayesoma jeni moja tu hupotea njia.

Wingi huu wa bakteria unagusa mfuko wa mkulima. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kiliwahi kutengeneza Nitrosua, bakteria wa kupaka kwenye mbegu kabla ya kupanda. Kenya wana Biofix. Lakini bakteria wa pakiti huwakuta wenyeji wengi, waliouzoea udongo. Wakishindwa kuiwahi mizizi, hela imepotea.

Rhizobium tropici CIAT 899, aliyepatikana Colombia, anasifika kwa kustahimili udongo wenye tindikali. Udongo mwekundu wa vilima vya Kigoma una tindikali pia, na umo bakteria walioishi humo vizazi kwa vizazi. Mimi ningeanza kutafuta kwao: vifundo vyekundu vikusanywe kutoka Buhigwe hadi mashamba ya Ujiji, hata katikati ya michikichi michanga inakopandwa maharage, jeni za bakteria waliomo zisomwe kwa upana, kisha walio hodari warudishwe kwenye mbegu za mkulima yuleyule.