Kushuka Mlima: Moteri Ndiyo Freni ya Kwanza

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayemngoja nyumbani,

Mimi ni mtu wa kupenda motokari. Ukiniuliza ipi ni nzuri, sitakutajia rangi wala viti vya ngozi. Nitakuuliza: ikishuka mlima na mzigo, inaweza kujizuia? Ndiyo maana napenda motokari ya vitesi vya mkono, kama Toyota Land Cruiser aina ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambayo mpaka leo tunaiona katika njia za Kivu. Fimbo ya vitesi humpa shofere freni nyingine. Lakini ni lazima aitumie.

Sisi wa Goma tumezungukwa na milima. Ukitoka Masisi kuja Sake, unashuka. Ukitoka Kanyabayonga kuja Rwindi, unashuka Kabasha, kona juu ya kona. Huko mashofere wengine hutoa vitesi, hata kuzima moteri, ili kubana mazuti.

Nami nilifanya hivyo. Siku moja nikishuka Kabasha, watoto ndani na magunia ya viazi nyuma, nilisikia harufu ya kuungua. Nikakanyaga freni: pedali ikaenda mpaka chini, laini kama sifongo. Nikaingiza vitesi ya tatu, kisha ya pili. Moteri ikanguruma, motokari ikapunguza mbio. Tulisimama karibu na ukingo. Watoto walikuwa wakilia.

Sababu ni nini? Freni huzuia gurudumu kwa kusugua, na kusugua huleta joto. Ukikanyaga bila kupumzisha, joto hufika kwenye mafuta ya freni. Mafuta mapya ya DOT 3 huvumilia angalau digri 205. Yakisha kunyonya maji ya hewa, yanaweza kuchemka kwenye digri 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke. Hapo mguu wako unabana mvuke, hausukumi freni.

Ukizima moteri ni vibaya zaidi: ule msaada wa freni huisha baada ya kukanyaga mara chache, na volani inaweza kuwa nzito. Na akiba? Katika moteri nyingi, ukiondoa mguu kwenye aksilereta na vitesi imeingia, mazuti hukatwa au hubaki kidogo sana. Basi unahatarisha roho kwa faida ambayo haipo.

KUMBUKA:

1. Weka vitesi ndogo ukiwa bado juu. Vitesi uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia.
2. Kanyaga freni kwa nguvu, kisha achilia ipoe. Usilaze mguu juu ya pedali.
3. Motokari yako ni otomatiki? Kama fimbo ina alama 2 na L, ni za mteremko. Usishuke na D tu.
4. Badilisha mafuta ya freni kila miaka 2.
5. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama, weka mawe kwenye magurudumu, ngoja. Usimwagie freni maji.

Tazama kijana wa chukudu anayeteremka na makaa: anakanyaga kile kipande cha mpira cha gurudumu la nyuma mapema, hangoji mbio zimshinde. Tujifunze kwake.

Nawe mama, ukiwa ndani ya motokari usione haya. Mwambie shofere: «Baba, ingiza vitesi!» Heri achukie kidogo, mfike nyumbani wote.