Sabufa kwa Laki Moja na Ushee: Lipia Spika Mbili, Usilipie Taa

Wapenzi wa sauti safi husikiliza mambo mawili. Kwanza, kila chombo kikae mahali pake: gitaa kushoto, kinanda kulia, mwimbaji katikati. Pili, sauti iwe na kina, ngoma zisikike zikipigwa nyuma ya mwimbaji. Besi nzito haikupi hayo. Yanatoka kwenye spika mbili zilizoachana, na ufundi ni uleule tangu Alan Blumlein alipoomba hataza yake Uingereza mwaka 1931.

Kwa hiyo spika moja ya bluetooth, hata iwe kubwa, haikutoshi. Uzuri wake ni chaji: kama unaishi machimboni au nyumba haina umeme, chukua hiyo. Ila uliza kabla kama betri yake inabadilishika.

Hedifoni za waya ni rahisi kuliko vyote na hutenganisha kushoto na kulia vizuri sana, lakini mwimbaji utamsikia ndani ya kichwa, si mbele yako.

Mimi nachagua sabufa yenye spika mbili ndogo za kuchomoa. Ziachanishe kama mita mbili, nawe ukae mbele kwa umbali huohuo. Tatizo ni waya: nyingi zinazokuja nazo ni fupi, utanunua nyingine. Wakati wa kuunga, rangi zifuatane pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja tu, sauti ya spika hizo inanywea na mwimbaji wa katikati anapotea, kisha unailaumu sabufa nzima bure.

Spika za mbao za mtumba zinadumu, lakini zinataka amplifaya, na hiyo ni bei nyingine. Gusa pia sponji inayozunguka koni, ikimeguka, ziache.

Maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye boksi yasikutishe. Geuza mashine, soma nyuma inavuta wati ngapi. Haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inazovuta.

Kama unaishi Segese na umekuta bei ya Kahama iko chini kuliko ya kwenu, jumlisha nauli, mzigo, na safari ya pili ikiharibika. Dai risiti yenye muda wa waranti.

Nenda na flashi yenye wimbo unaoujua, simama katikati ya spika, fumba macho. Muuzaji akikataa kuupiga, hamia duka la pili.