Jicho Jekundu Baada ya Kuanguka Mkarafuuni



Waliofika Mkuyuni, katika milima ya Uluguru, wanajua kuwa wenzetu wa huko wana mikarafuu kama sisi wa visiwani, na hatari yake wanayo kama sisi. Tawi la mti huu halipindi kwanza likakuonya. Hukatika mara moja. Mchumaji huanguka, hujigonga kichwa, hulala siku mbili tatu, kisha huinuka akasema amepona. Habari yetu ya leo yaanzia hapo asemapo amepona.

Baada ya siku kadhaa, pengine majuma, jicho moja huwa jekundu na kutokeza nje. Mgonjwa husikia mvumo kichwani, nao huenda sawasawa na mapigo ya moyo. Akigusa kope husikia jicho lapiga. Pengine kitu kimoja hukiona viwili. Jirani husema ni macho mekundu ya kuambukiza, basi hutiwa dawa ya matone, na siku zikapita. Lakini macho mekundu ya kuambukiza hayavumi kichwani! Hili ni jambo la mishipa.

Mshipa mkubwa upelekao damu ubongoni hupanda shingoni, na nyuma ya jicho hupita katikati ya dimbwi la damu irudiyo moyoni. Damu ya mshipa yenda kwa nguvu, ya dimbwi polepole, wala hazichanganyiki. Kichwa kikipigwa sana hata mifupa ya chini ya fuvu ikavunjika, mshipa huo huweza kutoboka mle mle dimbwini. Fikirini bomba lililopasuka ndani ya mfereji: maji hujaa, yakarudi nyuma katika vijito vyote viingiavyo humo. Mishipa ya jicho ndiyo vijito hivyo. Waganga huita fistula ya karotidi. Ikiachwa, jicho huweza kupofuka, na pengine damu ikavuja ubongoni.

Mwaka 1809, huko London, mganga Benjamin Travers aliufunga kwa uzi mshipa wa shingoni wa mgonjwa ambaye jicho lake lilikuwa likipiga. Ulikuwa ushujaa, lakini kufunga mshipa ule ni kuunyima ubongo damu, na mara nyingi damu ilizunguka kwa njia nyingine ikafika pale pale. Aliyefungua mlango mpya ni Fedor Serbinenko wa Moscow. Mwaka 1974 alitangaza habari za mrija mwembamba wenye kijiputo nchani. Kijiputo hupelekwa ndani ya mshipa hadi penye tundu, hujazwa, kisha huachwa hapo kiwe kizibo.

Hata leo kazi ni ile ile, ila vifaa vimezidi. Mrija huingizwa kwenye mshipa wa kinenani, ukapandishwa hadi kichwani huku mganga akiutazama kwa eksirei. Tundu huzibwa kwa puto, au kwa nyuzi laini za platinamu zinazojikunja. Fuvu halifunguliwi. Mara nyingi mvumo hukoma siku ile ile, na jicho hurudi mahali pake taratibu. Mwanga uliokwisha potea, hata hivyo, si lazima urudi. Ndiyo maana twasisitiza kuwahi. Nyuzi hizo ni ghali, hilo hatulifichi.

Mtu wa Mkuyuni njia yake ni hospitali ya Morogoro, kisha Dar es Salaam. Huko Muhimbili mafunzo ya waganga wa kazi hii ya mirija yalianza mwaka 2018, na Taasisi ya Mifupa ya hapo hapo, MOI, ina waganga wa ubongo. Sisi wa visiwani tuanzie Mnazi Mmoja, Unguja, penye kituo cha upasuaji wa ubongo tangu 2014. Wala si mikarafuu peke yake. Aliyeanguka na pikipiki naye ni vile vile.

Kila mwenye shamba aandike siku mchumaji wake alipoanguka, na mgonjwa aitaje kwa mganga hata kama mwezi umepita, pamoja na ule mvumo. Mganga akiweka juu ya kope kile chombo cha kusikilizia moyo, mara nyingi atausikia yeye mwenyewe.