Udhibiti wa Feni ya Kipozaoili kwa Kipimo cha Halijoto

Dereva nchini Kenya anaposema kuwa gari "limechemsha", aghalabu hukusudia maji ya rejeta. Kauli hiyo haigusii oili, ambayo huweza kufikia kiwango cha hatari bila kuchemka wala kutoa mvuke. Makala hii inanuia kueleza jinsi feni ya kipozaoili inavyodhibitiwa kwa halijoto, na papo hapo kudhihirisha kuwa Kiswahili kinaweza kuibeba maana hiyo kikamilifu.

Tuchukue mfano wa vizazi vya awali vya Porsche 911, vilivyoundwa hadi mwaka 1998. Injini zake hazikupozwa kwa maji, bali kwa hewa na oili. Gari la jinsi hiyo ndilo lililompa Vic Preston Mdogo nafasi ya pili katika mashindano ya Safari Rally ya mwaka 1978. Katika injini kama hiyo, oili hulainisha vyuma na pia huondoa sehemu kubwa ya joto.

Oili ya injini hufanya kazi vyema ikiwa kati ya nyuzi 90 na 110 za Selsiasi, kwa makadirio. Ikiwa baridi mno, huwa nzito, nao unyevu ulioingia ndani yake haukauki. Ikipita nyuzi 130 kwa muda mrefu, huwa nyepesi kupindukia na huchakaa haraka. Utando unaotenganisha vyuma hupungua, navyo vyuma huanza kusagana. Kwa hivyo, lengo si kuipoza oili tu, bali kuiweka katika kiasi chake.

Gari likienda kasi, upepo hupita katika kipozaoili na kuchukua joto. Likikwama katika msongamano, upepo huo hukoma, na hapo ndipo feni huhitajika. Feni inayozunguka daima huchelewesha oili kupata joto linalofaa na kuielemea betri bure. Nayo inayotegemea mkono wa dereva hutegemea pia kumbukumbu yake.

Suluhisho ni swichi ya halijoto. Ndani yake mna kisahani cha metali mbili zilizoshikamanishwa. Kwa kuwa metali hizo hazitanuki kwa kadiri moja, joto likizidi kisahani hubetuka na kuunganisha njia ya umeme. Swichi hii yafaa kuwekwa kwenye bomba linalopeleka oili ya moto kipozaoilini. Ikiwekwa kwenye bomba la kutokea, itapima oili iliyokwisha kupoa na kuchelewa kutoa taarifa.

Aidha, swichi huwa na vipimo viwili. Tuseme inawasha feni kwenye nyuzi 100 na kuizima kwenye nyuzi 90. Lau kipimo kingekuwa kimoja, feni ingewaka na kuzimika kila mara oili ilipopanda au kushuka kwa uzi mmoja, na vifaa vingechakaa mapema. Nafasi iliyo kati ya vipimo hivyo ndiyo inayoleta utulivu.

Hata hivyo, swichi ndogo haistahili kubebeshwa umeme wote wa feni. Kazi hiyo hupewa relei: umeme mdogo kutoka kwenye swichi huamsha sumaku, nayo sumaku hufunga njia ya umeme mkubwa utokao kwenye betri. Waya huo mkubwa sharti uwe na fyuzi karibu na betri, ili ukigusana na bodi ya gari usizue moto.

Tahadhari kabla ya hatari. Swichi ijaribiwe kabla ya kufungwa: itumbukizwe ncha yake katika oili inayopashwa moto polepole pamoja na kipimajoto, na ionekane inafunga na kufungua njia ya umeme kwenye nyuzi zipi. Isitoshe, waya wa swichi ukikatika, feni haitawaka. Basi ni busara kuweka swichi ya mkono ya akiba na kipimo cha oili mbele ya dereva.

Mafundi wetu tayari wana maneno oili, feni, relei na fyuzi. Kinachohitajika kwa wanafunzi wa lugha ni kuyaunganisha maneno hayo katika maelezo sahihi. Anayejua kutofautisha maji yaliyochemka na oili iliyozidi joto atajua pia ni kipimo kipi akitazame kabla injini haijaharibika.