Mshahara Wangu Uko Mfukoni mwa Mzazi

Ukimwambia mtu hapa Mwanza kwamba unafundisha chuo cha sanaa, anadhani Bagamoyo wamefungua tawi Kanda ya Ziwa. Hapana, jamani. Chuo cha Bagamoyo ni cha serikali. Kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Mimi niko Buzuruga, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati na saruji, kwenye chuo cha mtu binafsi. Nafundisha kupiga picha na kuhariri video. Mwenye chuo ni mfanyabiashara kama wengine, anataka faida na wala haoni haya kusema hivyo. Kwa hilo namheshimu.

Kazi yenyewe tamu, nisikudanganye. Unampokea kijana kutoka Sengerema au Magu, hajawahi kushika kamera, na baada ya miezi minne anakuletea filamu ya dakika tatu kuhusu bibi yake anayeanika dagaa. Unabaki mdomo wazi! Kamera ni moja kwa wanafunzi sita. Somo la sauti tunalifanya jioni sana, maana mchana makonda wa Hiace pale chini wanaita "Igoma, Kisesa!" mpaka kinasa sauti kinasalimu amri. Mwezi Juni nawapeleka Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma kule Kisesa, wakati wa Bulabo. Bagika na Bagalu wanaposhindana kwa ngoma, mwanafunzi anajifunza kufuata mwendo kwa kamera kuliko nitakavyomweleza ubaoni mwaka mzima.

Tatizo ni mwisho wa mwezi. Mwalimu wa serikali analipwa na Hazina. Sisi tunalipwa na ada, ada inatoka kwa mzazi, na mzazi anategemea samaki, pamba au mpunga. Ziwa likichafuka, na mimi nimechafukiwa. Oktoba chuo kinajaa, bosi anacheka, mshahara unatoka kamili. Ikifika Januari wazazi wanahangaika na watoto wengine walioko sekondari, wanafunzi wangu wanalipa kwa vipande, nasi tunalipwa kwa vipande. Mwaka jana, mwezi Februari, nililipwa mara tatu. Usifurahi bado: zote tatu ukizijumlisha hazikufika nusu ya mshahara.

Mume wangu ni muuguzi, mwajiriwa wa serikali. Wake unaingia benki hata mvua inyeshe mawe. Siku moja luku imekwisha, mtoto anakohoa, akaniuliza kwa upole kabisa (na upole ndio uliouma): "Hivi mama watoto, wewe umeajiriwa au unajitolea?"

Nikalia. Kesho yake tukakaa kikao. Kodi, chakula na luku vikahamia kwenye mshahara wake. Wangu ukawa wa mambo yanayoweza kusubiri: nguo, kikoba, michango ya harusi, ingawa michango ya harusi Mwanza haisubiri hata siku moja. Kama ninyi nanyi mna mshahara mmoja wa uhakika na mmoja wa kubahatisha, fanyeni kikao hicho mapema, kabla ya maneno. Ila heshima haigawanyiki kirahisi kama bajeti. Kuna miezi naomba nauli ya Hiace asubuhi, na shahada yangu iko ukutani inanitazama.

Sasa tuje kwenye lile linalonikosesha usingizi. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, walimu tunageuka wauzaji. Tunapewa vipeperushi, tunatumwa makanisani, sokoni, mashuleni, na kila ukimleta mwanafunzi unapata fungu lako kwenye ada yake ya kwanza. Kwa mwenye mshahara wa vipande, fungu hilo ni kodi ya nyumba. Wazazi nao si wajinga. Baba mmoja alinibana: "Kanumba katoka hapo Shinyanga tu. Alisomea sanaa chuo gani?" Nikamwambia ukweli, kwamba marehemu aliiva kwenye kikundi cha Kaole. Akanirudishia kipeperushi changu taratibu.

Kisha akaja mama mmoja wa Igombe, muuza dagaa, na mwanawe. Pesa ya muhula mzima ameifunga kwenye khanga. "Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu, kisha bila kuzunguka: "Huyu akimaliza ataajiriwa wapi?"

Kipeperushi kinasema televisheni, matangazo, filamu. Mimi najua waliomaliza wako wapi. Wachache wako Dar es Salaam wanahangaika. Wengi wako hapa hapa, wanapiga sendofu, kichen pati, harusi na video za kwaya, na anayejituma anakula vizuri tu. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba kwa kazi hizo kozi yetu ya miezi mitatu inamtosha kuanzia. Stashahada ataisomea baadaye kwa hela yake mwenyewe. Tena akienda chuo chochote, aulize kama kozi yenyewe inatambuliwa na NACTVET, si jina la chuo tu, na aombe kuziona kamera kwa macho, si kwenye picha.

Akalipia miezi mitatu. Zilizobaki akazifunga tena kwenye khanga.

Bosi aliniita. Hakupiga kelele. "Mwalimu, umepokea mteja wa miaka miwili ukamgeuza wa miezi mitatu. Mishahara yenu mnafikiri inatoka wapi?" Na hapo ndipo penyewe, maana hakusema uongo.

Usidhani ni mambo ya Buzuruga tu. Marekani kulikuwa na vyuo vya sanaa vya biashara vikiitwa The Art Institutes. Septemba 30, 2023 matawi manane yaliyokuwa yamebaki yalifungwa, na mwaka 2024 serikali yao ikafuta mikopo ya zaidi ya dola bilioni 6 ya watu wapatao 317,000 waliosoma huko, kwa kuwa walidanganywa kuhusu ajira. Wala kutotafuta faida si kinga. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi cha Zanzibar, kilichoanza 2002, mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango kwa kukosa wafadhili.

Yule kijana wa Igombe sasa ana kamera ya kukodi na Jumamosi zake zimejaa. Mimi nimepewa ofa: mkuu wa idara, mshahara mkubwa zaidi, ila utapanda na kushuka kwa idadi ya wanafunzi nitakaowaandikisha wa stashahada. Mume wangu anasema nikubali, ukweli nitausema nikiwa na cheo. Mimi namuuliza, nikiwa na cheo hicho, mama mwingine akija na khanga yake nitamwambia nini? Tumelizungumza usiku mara tatu, hatujaelewana. Bosi anataka jibu kabla dirisha la Machi halijafunguliwa.