Wapagazi wa Ujumbe katika Saratani ya Matiti
Katika karne ya 19, mzigo uliotoka Bagamoyo ulipofika Tabora, njia yake iligawanyika: Ujiji upande wa magharibi, Buganda upande wa kaskazini, au kulala ghalani. Bila wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, haukwenda popote.

Seli nayo ina wapagazi wake. Jeni hunakiliwa kuwa RNA, na nakala hiyo haisafiri peke yake. Protini huishika, zikaipeleka, zikaihifadhi au zikaharakisha kuvunjwa kwake. Mojawapo, HuR, kwa kawaida hukaa zaidi ndani ya kiini cha seli. Katika baadhi ya saratani za matiti huonekana kwa wingi nje ya kiini, ikizilinda nakala za protini zichocheazo seli kugawanyika, kama saiklini E1. Jeni yenyewe yaweza kuwa haina kasoro. Ujumbe wake ndio unaodumu kupita kiasi. (Mpagazi, tofauti na HuR, aliweza kugoma.)

Wagonjwa wenye HuR nyingi nje ya kiini huelekea kupata matokeo mabaya zaidi. Hata hivyo, dawa ya kuizuia haijaingia katika tiba ya kawaida. Mwanamke wa Tabora anayepelekwa Bugando au Ocean Road husubiri majibu ya vipokezi vya homoni na HER2.